Lénia Jerónimo na Majina ya Watu wa Nhica

Tumekusanyika hapa Awasse kumsindikiza dada yetu, Lénia Jerónimo, katika safari yake ya mwisho. Alizaliwa hapa hapa tarehe 14 Machi 1986, mtoto wa pili wa mzee Jerónimo na mama Olinda. Alianza shule Awasse, akamaliza sekondari Mocímboa da Praia, kisha akasomea informática, yaani mambo ya kompyuta, Nampula hadi mwaka 2010. Tangu utotoni hakuwa mwepesi wa kuamini. Ukimwambia chai imepoa, aligusa kikombe kwanza.

Mwaka 2011 alifunga ndoa na mwalimu Gildo. Mwaka uliofuata wakahamia Palma, kwani gesi ilikuwa imegunduliwa baharini na kila mtu alitafuta kazi. Kampuni moja ndogo ya kuajiri vibarua ilimpa kazi ya kubuni programu ya simu ya kusimamia wafanyakazi: mahudhurio, likizo, mikataba, na mahali mtu alipozaliwa, maana wazaliwa wa wilaya ya Palma waliahidiwa nafasi za kwanza.

Alipokwenda Nhica do Rovuma, kijiji cha wilaya hiyo, kuandikisha vijana, mama mmoja aitwaye Awa alimzuia mlangoni.

“Wewe si wa huku. Majina ya wanangu unayapeleka wapi?”

“Kwenye kampuni, mama.”

“Na wakiyabadilisha huko?”

Lénia alirudi Palma, akaongeza kwenye programu sehemu inayoonyesha kila badiliko na jina la aliyelifanya.

Agosti 2014 sehemu hiyo ikamwonyesha watu kumi na tisa, wazaliwa wa mbali, waliogeuzwa kuwa wazaliwa wa Nhica. Aliyewageuza alikuwa mkubwa wake wa kazi. Mkubwa huyo akamwita Lénia ofisini.

“Iondoe sehemu hiyo.”

“Nikiiondoa, watu wa Nhica nitawaambia nini?”

“Hakuna atakayeuliza.”

“Mama Awa atauliza.”

Aliyachapa majina yale, akayasoma mbele ya mkutano wa kijiji. Vijana saba wa Nhica wakaajiriwa. Mkataba wake yeye haukuongezwa. Tangu hapo watu tusiowajua walipita nyumbani kwake wakiulizia simu yake, iliyokuwa na kumbukumbu za mabadiliko yale. Hakuwapa. Hata akienda kisimani, alikwenda nayo.

Novemba 2015 miguu yake ilianza kuvimba. Baadaye alilazwa Pemba, akafariki tarehe 9 Juni 2016, saa nne asubuhi. Tunasikia watu wanavyonong’ona habari za sumu. Mimi kaka yake, Alberto, nilikaa naye wiki tatu. Daktari alinieleza kuwa ni figo, nami namwamini. Lakini simu yake ilitoweka kando ya kitanda siku ile ile, na aliyeichukua hatumjui. Kama yuko hapa miongoni mwetu, ajue kwamba Gildo anayo nakala ya kumbukumbu zile.

Ameacha mume, mwalimu Gildo. Binti yao Esperança, mwenye miaka miwili. Wazazi wetu wote wawili. Na sisi ndugu zake, Alberto na Graça.

Apumzike kwa amani, na asibishiwe hodi tena na mtu asiyemjua.