Chafya za Mfaume na Talaka ya Arafa

Mwaka ule ilipoonekana nyota yenye mkia, kijiwe chetu hapa Chole kilikuwa gogo la mnazi mbele ya kibanda cha Shaibu, muuza kahawa. Mbarouk tulimwita Kadhi, maana alihukumu hata ugomvi wa kuku. Ussi alikuwa Nahodha, na bahari humtapisha. Mfaume, msokota kamba, tulimwita Mwadhini: chafya zake ziliamsha mtaa kabla ya adhana. Asubuhi moja alikuja macho mekundu, pua imevimba.

— Mwadhini, leo umetuwahi, Shaibu akasema akimmiminia kahawa.

— Usiku kucha, ndugu yangu. Pua inawasha mpaka ndani ya macho.

— Upepo umegeuka huo, akasema Nahodha. Ziba dirisha.

— Nimeziba. Nimejifukiza kivumbasi, nimepaka mafuta ya nazi puani. Wapi!

— Basi ni ile nyota, akasema Kadhi. Imepita ikikung'uta mkia, vumbi lake limetushukia.

— Mbona limeshukia pua moja?

— Nahodha, vyaelea vimeundwa. Vumbi likielea, yuko aliyeliunda. Jini huyo! Kapanga tunduni humo humo. Mtie kahawa ya moto puani, atahama bila kuaga.

Tukacheka. Mfaume hakucheka.

— Kadhi, juzi hukusema jini. Ulisema nyota yangu na ya mke wangu Arafa hazipatani, ndiyo maana chafya zinanishika nikilala naye.

— Nilisema, eh. Si maneno ya kijiweni?

— Basi jana nimempa talaka.

Dele la kahawa likamponyoka Shaibu. Kahawa yote ikanywewa na mchanga, na hakuna aliyeinama kuliokota.

— Umempa nini?

— Talaka. Moja.

— Laa ilaha illa Llah! Kwa mafua?

— Arafa huyu huyu, anayekesha akikuchemshia majani?

Kadhi alishika kichwa.

— Mfaume, mimi nilikuwa natia chumvi tu!

— Ndoa si mchuzi, Kadhi! Shaibu akafoka. Mwadhini, moja ina njia. Mrejee leo leo.

— Nimrejee nikafe kwa chafya?

Tukiwa bado tumeduwaa, akatokea Bi Mize, shangazi yake Arafa, ana godoro la sufi kichwani. Alitoka nalo kwa mama yake Mfaume. Jana Mfaume alihamia huko akiwa amelibeba kutoka kitandani kwao, bila hata kumwuliza mkewe.

— Shikamoo, Bi Mize.

— Marahaba.

Akalibwaga juu ya gogo. Godoro kuukuu, mshono umefumuka. Sufi na vumbi vikatimka juani.

— Mfaume, nina swali moja tu. Jana umelala kwa mama yako, mbali na mwanangu. Chafya zilikoma?

Mfaume akamtazama Kadhi. Kadhi akatazama mchanga. Mfaume akafumbua kinywa ajibu, na chafya ikamtoka, ikafuatwa na nyingine, mpaka akashika nguzo ya kibanda machozi yakimtiririka. Alipopata pumzi, nadhani machozi yale hayakuwa ya pua tena.

— Ya Rabi, akanong'ona. Nimemwacha mke, nikabeba godoro.

Bi Mize alijifunga kanga vizuri.

— Arafa yuko kwangu, anakaa eda. Kanawe pua kwa maji ya chumvi, uje umtazame usoni umwambie hayo. Godoro waachie hawa, ndio wenye dawa.

Akaondoka. Mfaume akamfuata, hata kwaheri hakutupa. Sisi tukabaki wima. Hakuna aliyethubutu kukaa kwenye lile gogo.