Bwana Ngazi Akabidhi Funguo

Tarehe 30 Juni msimamizi wetu wa nyumba za halmashauri, ambaye wapangaji wote wanamwita Bwana Ngazi, anastaafu baada ya miaka thelathini na mmoja kazini. Jina hilo alilipata kihalali. Mpangaji akilalamika kwamba paa linavuja, sisi wengine tulimpa fomu ajaze. Yeye alibeba ngazi begani, akapanda mwenyewe, na tumbo lake lile. Siku moja ngazi iliteleza akabaki ananing'inia kwenye mbao, akamsihi mama aliyepanga humo asimwambie mkewe. Mkewe alijua kabla ya saa sita mchana.

Aliyoyaona huko juu ndiyo yaliyomfanya aandike pendekezo lake. Kodi ilikuwa ikimezwa na mfuko mkuu, ikaishia kwenye magari na viti vya ofisini, huku nyumba zikichakaa hadi kufungwa. Alitaka kodi ya kila mtaa ibaki mtaani humo itengeneze nyumba, na wapangaji waamue kipi kianze. Alitaka pia nyumba zigawiwe kwa foleni, mambo ya kujuana yaishe.

Mimi ni katibu wa vikao, na hapa sina budi kusema ukweli. Pendekezo hilo lilikaa kiporo miaka tisa kwa sababu yangu. Kila bajeti ilipofika nililisogeza mwisho wa ajenda, nikijua fika kwamba wajumbe wataondoka kabla ya kulifikia. Niliogopa kuwaudhi wakubwa. Yeye alinitania tu kwamba kalamu yangu ni nzito, kisha akarudi kazini. Hakuwahi kuninunia. Afadhali angeninunia.

Mwezi uliopita pendekezo lilipita bila kupingwa. Linaanza Julai mosi, siku moja baada ya yeye kuondoka. Nyumba arobaini na mbili bado zimefungwa, zikisubiri mafundi.

Nyumba anayoishi ni ya kazi, kwa hiyo anaikabidhi. Tulimnong'oneza kwamba tungemtafutia nyingine kimyakimya, akakataa, akajiandikisha kama mtu mwingine yeyote. Yuko namba thelathini na nane. Kama zile zilizofungwa zingetengenezwa wakati wake, leo angekuwa anahamisha vyombo. Badala yake wanakwenda kukaa kwa binti yao, chumba kimoja.

Ndugu yetu, asante kwa utumishi wako. Tunakuombea afya, usingizi mnono na zamu yako ifike upesi. Nami nakuomba radhi mbele ya wote. Najua wewe umeshanisamehe. Shemeji bado, na ana haki.