Gereji ya Futi Saba

Ninyi wa damu yangu, sogezeni viti mje karibu na kitanda, kwa sababu ile sauti niliyokuwa nikiamshia watu wa ng'ambo ya barabara leo haifiki hata mlangoni, na haya ninayotaka kuyasema sitaki yasikike nusu. Mama yenu na akae hapa kichwani kwangu. Binti yangu, chukua kalamu uandike kama ninavyosema, wala usinisafishie maneno. Shule niliiacha darasa la nne, au tuseme tuliachana kwa kuelewana, na sitaki nikishaondoka nionekane nilikuwa nikizungumza kama hakimu. Na wewe kifungua mimba wangu, toka hapo dirishani. La leo ni lako kuliko la mtu mwingine yeyote humu ndani.

Naanza na mali, kwa kuwa ni kidogo na haitatuchosha. Nyumba hii ni ya mama yenu mpaka yeye mwenyewe aseme vinginevyo, na asiletewe mnunuzi hata wa kuja kunywa maji. Gari ni la binti. Usinikunjie uso, kifungua mimba, wewe unakanyaga breki kama unaua nyoka. Sanduku langu la spana na ile jeki kubwa ni vyako, maana mikono unayo, haraka tu ndiyo inayokuharibia. Nguo zangu gaweni mnavyotaka. Koti la safari liende kwa yeyote ambaye mabega yake yatalijaza, kama yupo.

Imebaki gereji. Hiyo siwezi kuigawa, kwa sababu tangu ijengwe, miaka tisa sasa, sijawahi kuwaambia ukweli wake.

Mnajua nilikuwa dereva wa namna gani. Miaka thelathini na sita ya malori, na sijawahi kukwaruza hata rangi. Nilirudisha nyuma lori lenye tela kwenye uchochoro ambao mbuzi wawili hawapishani, watu wakatoka madukani kuangalia, na mwenye duka la vyombo akanishika mkono akilia. Haya, hakulia. Ila mkono alinishika. Sasa mtu wa namna hiyo, siku anayostaafu na kununua gari lake mwenyewe dogo la kung'aa, ataliacha lilale juani? Nikasema nitajenga gereji hapa hapa nyumbani, kati ya ukuta wa jikoni na maua ya mama yenu, yenye zege chini, bati jipya juu na milango miwili ya chuma.

Nikamwita shemeji yangu. Ndiyo, yeye huyo, mume wa shangazi yenu. Zamani hizo mtaa mzima ulimwita Timazi, kwa sababu ukuta aliouinua yeye ungeweza kuushushia uzi wa timazi kutoka juu hadi chini usione hata unywele wa mwanga ukipita. Alikuwa mkandarasi kamili, ana vijana sita na mashine ya kuchanganyia zege, na alikuwa na utaratibu wake ambao hakuuvunja kwa mtu yeyote. Hachimbi msingi mpaka mwenye nyumba aandike vipimo vyote kwa mkono wake mwenyewe, kwenye daftari lake yeye fundi, na atie sahihi. Kazi ikiisha na mwenye nyumba akiridhika, Timazi anaichana karatasi ile na kumkabidhi. Hiyo ndiyo ilikuwa dalili yake kwamba amekwisha kutoka katika kazi yako, amekuachia na siri zake. Yeye habaki na nakala.

Siku ya vipimo nilimpokonya futi kamba. Nilimwambia gari nalijua mimi. Nikafanya kama nilivyozoea kazini kila nilipokaribia njia nyembamba: nikakunja vioo vya pembeni viwili, nikapima gari kutoka ubavu hadi ubavu, nikaongeza nafasi ya kiganja huku na kiganja kule, nikaandika futi saba. Shemeji aliitazama ile saba muda mrefu. Akaniambia, "Shemeji, weka kumi. Maua tutayahamisha."

Nikamwambia, "Unamfundisha dereva gari?"

"Sikufundishi. Nauliza tu, mlango utafungukia wapi?"

"Wewe jenga," nikamwambia. "Kuendesha niachie mimi."

Akanipa kalamu nitie sahihi.

Mnanielewa? Miaka thelathini na sita nilijifunza namna gari linavyoingia mahali. Namna mtu anavyotoka ndani ya gari haikuwahi kunipitia kichwani, kwa sababu lori lilikuwa likisimama uwanjani. Lile lilikuwa kosa langu mimi, tangu mwanzo hadi mwisho, na nimelibandika mgongoni kwa mtu mwingine kwa miaka tisa.

Nipe maji kidogo, mama watoto. Yatosha.

Kazi iliisha Ijumaa asubuhi. Kuta zilikuwa zimenyooka mpaka unaona haya kuziegemea. Nikaridhika, akaichana karatasi, akanipa, tukashikana mikono. Adhuhuri nikawaita majirani waje waone ninavyoliingiza gari, kwa sababu mimi kufanya jambo bila watazamaji ni kama kula bila chumvi. Mlikuwepo. Niliingia kwa mkupuo mmoja, bila kujipanga upya, bila kugusa, watu wakapiga makofi, nikazima injini kwa madaha, nikafungua mlango. Ukafunguka kiasi cha kupitisha mkono. Nikajaribu wa pili. Vile vile. Nikakaa mle ndani nikijifanya nasoma mishale ya dashibodi, makofi yakapungua, halafu mama yenu akacheka. Usilie, mke wangu, sikulaumu. Hata mimi ningecheka. Akacheka yeye, wakacheka wote.

Hapa ndipo mnisikilize vizuri, kwa maana hapa hakuna aliyesikia isipokuwa mimi. Shemeji alijipenyeza ubavuni mwa gari, kifua kikikwaruza ukuta, mpaka dirishani kwangu. Akainama. Akaninong'oneza, "Rudisha nyuma, shemeji. Tutawaambia zege bado halijakauka vizuri. Kesho nauhamisha ukuta, na mtu hatajua."

Alikuwa amekuja kunifunika aibu yangu. Na mimi, karatasi ile ikiwa katika mfuko wa kushoto wa shati langu, hapa juu ya moyo, nikarudisha gari nyuma, nikashuka mbele za watu, nikapaza sauti: "Huyu mtu amenipunja! Nimemwandikia futi kumi, kanijengea saba, abane matofali yangu!"

Na wewe mwanangu ukaniamini. Ungefanya nini tena, mimi si baba yako? Ulikuwa na miaka ishirini na miwili, damu inachemka. Ukamshika mume wa shangazi yako kwenye kola, ukamburuta mpaka getini, ukatupa toroli lake barabarani na vifaa vyake mtaroni kimoja kimoja. Nilikuwa nimesimama pale pale. Neno moja tu langu lingekuzuia. Nililitafuna nikalimeza. Tangu siku ile nakuona ukikutana naye njiani unatema mate pembeni, unadhani unalinda heshima ya baba yako. Mwanangu, hakuna ulichokuwa ukilinda. Mzigo ule si wako. Nilikutwisha mimi, na leo nautua mbele ya mama yako na dada yako wakiwa mashahidi.

Acha, binti, mwache. Mwanamume akiketi chini mwache aketi. Andika.

Wazee wa mtaa walituita. Shemeji hakubishana sana, alisema tu, "Vipimo aliviandika kwa mkono wake, na karatasi nilimkabidhi. Shemeji, itoe wasome." Nikamtazama machoni nikasema, "Karatasi gani?" Sijui kama mmewahi kumwona mtu akizeeka mbele yenu. Mimi nimemwona. Ilichukua muda mfupi kuliko kufunga kifungo cha shati. Kesho yake shangazi yenu akaja peke yake, akasimama hapo mlangoni, akasema, "Kaka, sikwambii ukaseme kwa watu. Niambie mimi tu, hata kwa kichwa." Nikamjibu neno lile lile. Akajifunga kitambaa chake akaondoka, na tulipomzika mama yetu, yule tuliyenyonya ziwa lake sote wawili, alikaa upande wa pili wa kaburi kama mgeni.

Lakini kilichommaliza shemeji hakikuwa kikao. Ni huu mdomo wangu. Mnajua ninavyosimulia. Nilikisimulia kisa kile barazani, kinyozini, kwenye foleni ya maji, nikiigiza anavyopima kwa jicho moja, anavyoficha matofali chini ya koti. Watu waliangua kicheko mpaka wakashika mbavu, na kila nilipokirudia nilikitia chumvi mpya, kwa kuwa kicheko kile kilinifunika vizuri kuliko blanketi. Jina la Timazi likafa. Wakamwita Futi Saba. Jina hilo nililitunga mimi, na siku lilipotoka kinywani nililionea fahari. Shule iliyokuwa imemwahidi kujenga madarasa ikampa mtu mwingine. Vijana wake wakatawanyika. Leo anachanganya zege kwa beleshi chini ya fundi ambaye yeye mwenyewe alimfundisha kushika mwiko, na watoto wa mtaa wakipita wanampigia kelele, "Saba! Saba!" Ningekuwa mbumbumbu wa kusimulia, angepona.

Na gereji mkaijaza magunia na baiskeli mbovu. Mlikuwa mkiniuliza kwa nini siibomoi, gari linababuka juani. Niliwajibu nataka ushahidi wa dhuluma ubaki. Kweli, ulibaki. Kila asubuhi nilifungua dirisha hili nikautazama.

Karatasi ipo. Sikuweza kuichoma. Nilijaribu mara mbili, kibiriti mkononi. Iko ndani ya kava la kitabu cha gari, imekunjwa mara nne, ile saba ikiwa na mkia mrefu kama ninavyoiandika siku zote, na sahihi yangu chini yake.

Sasa maagizo, maana pumzi inanikatika.

La kwanza. Wewe, mwanangu, inuka. Nenda kwa mume wa shangazi yako sasa hivi, na hizo hizo ndala ulizovaa, usipite kubadili shati. Usimtume mtu, usipige simu. Ukifika usikae mpaka akukaribishe, na asipokukaribisha, sema ukiwa umesimama. Mwambie baba amesema kweli. Mwambie namwomba aje, yeye na dada yangu. Usimwombe anisamehe, hilo si lako kuliomba. Mwombe aje tu. Akikutukana, pokea. Akikushika kola, tulia. Nenda. Nenda, baba, jua bado lipo.

...Ameondoka? Nimesikia geti.

La pili, binti. Watu watakapokusanyika kwa ajili yangu, kabla sijabebwa, utasimama uisome ile karatasi kwa sauti, futi kwa futi, na tarehe yake, kisha uwapitishie waione kwa macho. Halafu mkisimulie kisa chote. Na mkisimulie vizuri! Msinioneshe huruma. Uvivu wa kusimulia siutaki kwenye msiba wangu. Igizeni ninavyokunja vioo, igizeni nilivyokaa mle ndani nikisoma mishale. Wacheke. Wacheke mpaka washike mbavu, wakisimulie barazani na kinyozini, wakifikishe kote nilikofikisha mimi cha kwangu. Mkihuzunisha watu hakitafika mbali. Kicheko ndicho kilichombeba yule bwana mpaka chini, na ndicho kitakachomrudisha juu.

La tatu, gereji. Msiiguse. Mpeni shemeji neno la mwisho. Akitaka kuibomoa, wewe na kaka yako mshike toroli. Akitaka kuuhamisha ukuta, maua yahamishwe. Akisema isimame hivyo hivyo... mama watoto, najua itakuumiza... isimame, na atakayeuliza ajibiwe.

Mke wangu, mkono wako uko wapi? Nilidhani ni huu. Wewe ulijua, eh? Usinijibu. Siku zote ulikuwa ukiupita ukuta ule umeinamisha kichwa. Nisamehe kwa kukufanya unyamaze nami.

Binti yangu, Mungu akupe njia pana. Akupe mdomo kama wangu na moyo kama wa shangazi yako. Watoto wako wakikuuliza jambo, uwe na jibu la kuwapa bila kuangalia pembeni. Na kaka yako, akirudi, mwambie nimembariki akiwa njiani, kila hatua aliyopiga, ya kwenda na ya kurudi. Mwambie mikono yake ni safi. Liandike hilo. Umeandika? Mikono yake ni safi.

Fungueni mlango. Wote. Uacheni wazi.

Kama atakuja... na mimi nimekwisha kwenda... msinifunike uso. Mnasikia? Mwacheni aingie, mumpe kiti hapa, karibu. Aseme yote. Miaka tisa. Hata yakiwa matusi, hata akipiga kelele, majirani wakisikia, wasikie. Mtu asimwambie maiti hasemwi. Mtu asimshike mkono.

Nilimkatiza mara moja, siku ya vipimo... inatosha.

Mwacheni amalize. Ndipo mnifunike.