Risala ya Bendi ya Ngurumo Siku ya Nyimbo za Mvua na Jua

Mgeni rasmi, Mheshimiwa Mkurugenzi wa Manispaa. Wazazi wetu, majirani, na nyote mliobeba viti vyenu kutoka nyumbani:

KARIBU UWANJANI

Sisi wanabendi ishirini na wawili tunakukaribisha kwa mikono miwili katika tamasha letu la tatu la nyimbo za hali ya hewa. Tunakushukuru kwa kuja mwenyewe bila kutuma mwakilishi. Wawakilishi tumeshawapokea, na walikula vizuri.

TULIKOTOKA

Bendi hii ilianzishwa na mama aliyeketi kushoto kwako, mwenye kodiani mapajani. Tunamwita Bibi Kipimo. Kwa miaka thelathini na mmoja alifanya kazi katika kituo cha hali ya hewa, akipima mvua kila asubuhi na kuiandika. Alipostaafu alisema mkono umeshazoea kuandika mvua, hauwezi kuacha. Basi akaanza kuiandika kwa nota.

Akapita nyumba kwa nyumba kutafuta wapigaji. Alimpata fundi magari aliyewahi kupiga tarumbeta shuleni, na ndiye kiongozi wetu leo. Akampata muuza mikate mwenye pumzi ndefu, na dada wawili wa saluni. Mimi katibu, ninayewasomea risala hii, ni fundi cherehani. Nilimwambia sijawahi kushika klarineti. Akanijibu kwamba vidole vinavyotunga uzi kwenye sindano haviwezi kushindwa na matundu makubwa kama yale.

TUNAYOJIVUNIA

Mwaka jana, katikati ya wimbo wa mvua, mvua yenyewe ikanyesha. Mwanzoni wasikilizaji waliwasifu wapiga ngoma. Walipoona wanalowa, wakakimbilia chini ya mapaa ya maduka. Kiongozi wetu alishusha tarumbeta akatuuliza kama tusimame. Bibi Kipimo alijibu huku kodiani yake ikiendelea:

"Miezi minne tumeifanyia mazoezi. Leo imekuja, tuikimbie?"

Tukapiga. Ngozi ya ngoma kubwa ililowa ikawa inalia kama godoro, mpigaji wake akahamia kwenye pipa la maji. Watu wakarudi mmoja mmoja, wengine wamejifunika mabeseni, na wimbo ulipokwisha wakataka urudiwe. Hatujawahi kupiga vizuri kama siku ile, na tunalisema hilo bila haya.

YALIYOTUKUTA

Lakini nota zote zilikuwa zimeandikwa kwa mkono, na hatukuwa na nakala nyingine. Wino ulichuruzika. Kesho yake tulimkuta Bibi Kipimo ameanika karatasi kwenye kamba kama nguo, amekaa chini yake bila kodiani. Hatukuwa tumemzoea hivyo.

Ikabidi kila mmoja wetu aende kwake na chombo chake, apige anachokumbuka, naye aandike upya. Kazi hiyo ilichukua wiki sita. Alikuwa anatusahihisha kwamba hapo upepo bado haujageuka, au kwamba manyunyu hayana haraka hivyo. Nyimbo sita zilirudi. Ya saba, ile ya kiangazi, hakuna aliyekumbuka mwisho wake. Tukaangaliana kwa aibu. Yeye akachukua kalamu akatunga mwisho mwingine. Utausikia leo kwa mara ya kwanza, na sisi tunaona umeushinda ule wa zamani.

Mazoezi tunafanyia katika karakana ya seremala, ambaye huzima msumeno wake kwa ajili yetu jioni mbili kwa wiki. Vumbi la mbao huingia kwenye filimbi, na mpigaji hupiga chafya palepale panapotakiwa kimya. Seremala hajalalamika. Mke wake ndiye ameanza kutuuliza, kwa upole, vitanda vya wateja vitakamilika lini.

OMBI LETU

Mheshimiwa, nyuma ya jukwaa hili kuna stoo ya manispaa iliyofungwa kwa miaka tisa. Tumechungulia dirishani: paa ni zima, sakafu ni kavu. Tumeandika barua tatu kuomba iwe chumba chetu cha mazoezi na cha kuhifadhia nota. Zote zilipokelewa na kugongwa mhuri, tunashukuru.

Hatuombi utujibu leo mbele za watu. Tunaomba usikilize mpaka mwisho wa wimbo wa kiangazi, kisha uongozane na Bibi Kipimo mkaitazame stoo hiyo. Ana miaka sabini na minane, na hutembea taratibu. Njiani atakueleza mengi.

La mwisho ni tahadhari tu. Juzi walikuja wapimaji wa ardhi, wakapigilia vigingi vyekundu kuanzia kwenye stoo hadi katikati ya uwanja. Tulipowauliza, walitujibu kwa adabu kwamba wametumwa, hawajui kitajengwa nini. Hatukung'oa hata kigingi kimoja. Tumepanga viti kuvizunguka. Kigingi kimoja kiko mbele ya mguu wako wa kulia, Mheshimiwa. Tafadhali kiangalie unaposimama, usije ukajikwaa.

Mwenyezi Mungu akulinde wewe na nyumba yako, akupe afya, na akujalie maamuzi ambayo utapenda kuwasimulia wajukuu.

Ni sisi,
wanabendi wa Ngurumo, vyombo tayari mkononi.