Mfuko wa Mgongoni

Benchi langu la kahawa lina miguu mitatu na tofali, na wanaolikalia wana akili za kiasi hicho hicho. Asubuhi ile Sindano, fundi cherehani wa mlango wa pili, hakuigusa kahawa yake. Mkewe amepimwa shingo ya kizazi, kimekutwa kirusi kinacholeta saratani, na seli zimeanza kuharibika. Saa nne anatakiwa kliniki zikaondolewe. Sindano amegoma kumsindikiza mpaka ajue kirusi kimetoka wapi.

— Kimeingia na upepo, akasema Kufuli, mchonga funguo. Wanawake wanalala madirisha wazi.

— Upepo gani unapita huko, wewe? nikamuuliza.

— Ni mawimbi ya simu, Bibi! akadakia Redio, fundi wa redio. Simu mfukoni, mawimbi yanashuka...

— Simu yake anaiweka kwenye mkoba, nikasema.

— Basi ni mkoba!

Wakacheka mpaka benchi likaruka kutoka kwenye tofali.

— Kinaingia kitandani, nikawaambia. Nesi alinieleza siku niliyopimwa, nimelala miguu juu, kwa hiyo nilisikiliza vizuri. Kinapenya kwenye mchubuko usioonekana, kinashuka hadi seli za chini kabisa, kinajikunyata. Mara nyingi mwili hukitimua. Kikibaki, siku moja kinachomeka maandishi yake katikati ya maandishi ya seli. Seli inasoma, inatii, inazaliana bila breki.

— Seli ni zuzu kiasi hicho? akauliza Redio.

— Muulize aliyeshona mashati arobaini ya shule yenye mfuko mgongoni!

Benchi likalipuka. Karatasi ya kielelezo cha kukatia begi ilijichanganya na zile za Sindano za mashati, naye akaifuata, akakata na kushona, shati baada ya shati, huku akipiga mluzi.

— Ilikuwa ndani ya bunda langu! Sindano akajitetea. Ningejuaje?

— Ndivyo seli inavyosema.

— Ilikaa humo tangu lini? akauliza Kufuli.

— Sijui. Labda miaka.

Mkewe akatokea, mkoba begani.

— Karibu, shemeji, wakasema, ghafla wana adabu.

Hakukaa.

— Baba watoto, daktari anasema kinaweza kukaa kimya miaka kumi. Sisi tumeoana miaka sita. Nani kati yetu alikuja nacho?

Kufuli akatazama viatu vyake. Redio akanywa kikombe kitupu.

Sindano akavua futi yake ya kupimia nguo shingoni, akaniwekea mapajani, akachukua mkoba wa mkewe.

— Twende. Tutachelewa.

Kahawa yake ilikuwa imepoa. Nikainywa mwenyewe.