Kati ya Chuma na Msuli, Nani Ampishe Mwenzake?

Ukitaka kutibiwa ugonjwa ambao hata hujaugua, njoo ukae kwenye benchi letu mbele ya kibanda cha kuchonga funguo. Madaktari wapo, kilichokosekana ni vyeti tu. Kuna Redio, fundi wa vyombo vya umeme, ambaye ukishamwasha hazimiki. Kuna Hakimu, karani mstaafu wa mahakama, ambaye akikohoa tu anadhani ametoa hukumu. Mimi nashona viatu hapo pembeni na kunywa kahawa ya wenzangu. Mwenye kibanda, tunayemwita Ufunguo, leo hakufungua. Aliteleza kwenye ngazi za mteja, akajikinga kwa kiganja cha kulia, mfupa ukavunjika karibu na kifundo cha mkono. Kesho asubuhi anapasuliwa. Alikaa katikati yetu, mkono umefungwa na kuning'inizwa shingoni, kikombe kakishika kwa kushoto.

Redio: Hebu rudia, kaka. Daktari kasemaje?

Ufunguo: Ataweka kibati cha chuma na skrubu, kiushike mfupa. Sasa juu ya mfupa hapo kuna msuli mpana, ndio unaogeuza kiganja kitazame chini. Wengi huukata, wakaweka chuma, kisha wakaushona. Yeye anataka kukipenyeza chuma chini yake bila kuukata. Kasema, "Chuma kitaupisha msuli." Halafu akaongeza, "Mfupa ukituruhusu."

Hakimu: Ishia hapo! Kupisha ni nini? Nikikupisha mlangoni, nasimama kando. Chuma kikisimama kando, mfupa utashikwa na nani?

Redio: Msuli ndio utakaokipisha chuma, mzee.

Hakimu: Basi angesema hivyo. Maneno yana sheria zake.

Mimi: Labda watapishana, kila mmoja ajibane kidogo.

Hakimu: Wewe shona viatu.

Redio: Mbona rahisi? Mgeni njoo, mwenyeji apone! Chuma ndiye mgeni, mfupa ndiye mwenyeji.

Hakimu: Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyu anaondoka lini?

Ufunguo: Wanasema anaweza kukaa humo maisha.

Hakimu: Mnaona? Huyo si mgeni, huyo ni shemeji.

Tulicheka, hata Ufunguo, ingawa kicheko kilimtikisa mkono akakunja uso. Ungedhani tungekoma. Wapi!

Redio: Faida ipo lakini. Ukinyoosha mkono juu, taarifa ya habari inaingia bila betri.

Hakimu: Mimi nakwambia kata huo msuli! Usipokatwa hautajua kama kuna kazi imefanyika. Utaamka umelalia chuma cha baridi, utagoma. Samaki mkunje angali mbichi, na huyu ameshakauka.

Ufunguo: Jamani, nisikilizeni. Kitasa hakifunguki kwa nguvu. Unageuza kiganja polepole, unasikia pini za ndani zikikaa sawa moja moja. Nasikia kwa mkono huu. Wakilazimika kuukata msuli, wakaushona, ukarudi mzito? Mwenzenu naogopa.

Redio alimwongezea kahawa, na kikombe kilikuwa bado kimejaa, ikamwagika kwenye sahani. Nilimhurumia sana. Nikamwambia Mungu ni mwema.

Hapo akafika mama mmoja na ufunguo mkononi, anataka kuchongewa wa pili.

Redio: Karibu mama, lakini leo hakuna kazi. Fundi kavunjika mkono.

Mama: Pole sana, baba. Umeshatibiwa?

Redio: Kesho ndiyo anapasuliwa! Keti nikueleze.

Akamweleza yote, kibati, skrubu, msuli na nani ampishe nani, Hakimu akimsahihisha kila baada ya sentensi. Mama alisikiliza kwa adabu mpaka mwisho.

Mama: Nimeelewa. Na kesho anakwenda na nani?

Hakimu alikohoa, hukumu haikutoka. Redio akaanza kutafuta kitu mfukoni. Mimi niliinamia soli iliyokwisha kushonwa. Wote tunajua kwamba tangu mkewe afariki Ufunguo anaishi peke yake, na kwamba mtu wa mkono mmoja hawezi hata kufunga kifungo cha shati. Tangu asubuhi tulikuwa tumeshampasua, tumemshona na kumponya, na hakuna aliyemuuliza atafikaje hospitali.

Mama alimgeukia Ufunguo mwenyewe.

Ufunguo: Hospitali wameniambia nisiende peke yangu, mama. Nimekaa na hawa wenzangu hapa tangu asubuhi, naona aibu kuwaomba.