Dobi na Stempu ya Bi Meno

Karibuni tukae pamoja, wasikilizaji wapendwa. Leo tunamkumbuka Bi Meno, ambaye tulimzika juzi.

Jina lisiwapoteze. Hakuwa daktari wa meno. Alikuwa mtambuzi wa stempu za zamani. Stempu mbili zinaweza kufanana picha na rangi, zikatofautiana vijino vya pembeni, na yeye alikuwa akivihesabu kwa kioo cha kukuzia. Ndiyo maana wakamwita Bi Meno. Kuna jirani alimbishia hodi ameshika shavu, masikini! Bi Meno hakumcheka. Alimpa maji ya chumvi asukutue.

Mumewe ni dobi. Lishikeni hilo, wasikilizaji wapendwa: mumewe ni dobi. Chumba chao kilikuwa na meza mbili, moja ya pasi, moja ya stempu. Mume akisogea tu na pasi yake, mke alikuwa juu, mvuke usije ukambandulia stempu zake. "Wewe na mvuke wako, hebu nipishe huko!"

Basi Bi Meno akapata bahasha moja kuukuu kwenye duka la vitabu vilivyotumika. Stempu yake ilikuwa ya kawaida tu, za namna ile zimejaa tele. Thamani ilikuwa kwenye muhuri uliogongwa juu yake, muhuri wa posta ndogo iliyosombwa na mafuriko mara tu ilipofunguliwa. Barua zilizowahi kupita pale ni za kutafuta kwa tochi. Narudia: stempu ya kawaida, muhuri adimu. Alikuwa ameusaka tangu ujana wake, na sasa angeuonyesha kwenye maonyesho ya wakusanyaji.

"Alinieleza yote," anasema dobi. "Lakini nilikuwa napiga pasi. Nikawa naitikia tu ehe, ehe. Nilichoshika ni kwamba stempu ile ni kitu kikubwa."

Kisha Bi Meno akaugua, akalazwa. Dobi akabaki peke yake nyumbani, hajui la kufanya na mikono yake. Akaitazama ile bahasha. Akaona stempu nzuri imechafuliwa wino. Jamani, mwonyeshe dobi doa uone! Akailoweka kwenye maji ya vuguvugu mpaka ikabanduka. Akaisugua taratibu kwa pamba na sabuni, wino wote ukatoka. Bahasha akaitupa. Stempu akaipeleka hospitali ndani ya kitambaa cheupe, roho kwatu.

Bi Meno akaitazama. Akaitazama tena kwa kioo. Kisha akamshika mumewe mkono.

"Ahsante, baba watoto. Imetakata. Hakuna dobi kama wewe."

Dobi akarudi nyumbani anapiga mluzi. Hata wiki haikuisha, Bi Meno akafariki.

Baada ya maziko wakusanyaji wenzake walikuja kutoa pole. Wakaomba waione ile bahasha yenye muhuri. Dobi akawaletea stempu yake safi, anatabasamu na machozi yakimtoka. Wakaigeuza huku na huku. Mmoja akauliza kwa upole, "Na muhuri, mzee?"

Hapo mdogo wake marehemu, aliyekuwa akimuuguza kule hospitali, akashindwa kuvumilia. "Shemeji, dada alijua. Ulipotoka tu alilia mpaka shuka ikalowa. Akaniapisha nisikwambie. Akasema, 'Mwache. Amenifulia kwa mapenzi.'"

Dobi sasa hashiki pasi. Nguo za wateja zimelala kikapuni. "Angenigombeza," anasema. "Mvuke tu alikuwa ananifokea! Hili angenifokea hata mara moja, nikamwomba radhi akiwa hai. Sasa nimwombe nani?"

Kwa dobi, kwa watoto, kwa mdogo wake marehemu, poleni sana. Poleni mno. Mungu awape subira, naye amlaze mpendwa wenu mahali pema.

Nasi tuliobaki, wasikilizaji wapendwa, tujiulize. Huenda nyumbani kwako yupo mtu anayekuambia ahsante huku moyo unamvuja damu. Leo akizungumza, weka pasi chini umsikilize.